Mama Régine wa Kasungami na Teke la Guelor

Mara ya kwanza Adalbert Tshilumba kufanya biashara na Régine Mumba, alidhani amepata mteja rahisi. Mama aliingia dukani kwake, katikati ya mji wa Lubumbashi, kitambaa kichwani na kikapu mkononi, na harufu ya samaki wakavu wa Pweto, huko ziwani, ikamtangulia hadi kaunta. Adalbert aliuza vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika kwa wengine: televisheni, pasi, redio, na zile mashine za michezo ya video ambazo vijana wa mji mzima huziita plei. Wanunuzi wa plei aliwajua. Huingia na haraka zao, macho yameshavutwa na boksi lenye picha kali, hulipa na kuondoka kama wanaofukuzwa. Mama wa umri ule, tena wa samaki, bila shaka alikuwa anamnunulia mjukuu. Adalbert akapandisha bei moyoni kabla hata hajaitika salamu.

Mama Régine hakuuliza bei. Aliomba mashine mbili ziwashwe pamoja, akavuta kiti, akakaa. Picha zikatoka safi. Adalbert akamwambia basi, ameona mwenyewe, afungiwe azibebe. Mama akaitika kwa kichwa, akatoa karanga kikapuni na kuanza kutafuna. Wateja waliingia na kutoka. Jua lilihama dirisha. Mwenye duka alianza kumzunguka kwa maneno, mara ya kusifu, mara ya kuharakisha, naye mama akawa anajibu kwa upole wa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Alasiri ilipofika, ile mashine nzuri, yenye mng'ao, ikapata joto na kuzima yenyewe. Ile yenye mikwaruzo, ambayo Adalbert aliona haya hata kuiweka mbele, iliendelea kuwaka bila kelele.

"Samaki iko vile vile, Papa," mama akasema. "Asubui yote inanuka muzuri. Ngoja jua ipande kwanza."

Hapo ndipo bei ilipoanza kuzungumzwa, na Adalbert akajua kwamba siku hiyo hatauza mng'ao. Yeye mwenyewe hakurithi duka. Alianza kwa kutembeza bateri za redio kwenye sinia, akapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa kuwasoma watu, na watu aliowaheshimu katika biashara wangetosha benchi moja. Jioni ile alimwongeza mmoja. Mama alichukua mashine mbili zenye mikwaruzo na televisheni mbili, na juu ya bei akadai sharti: kama atalazimika kuufunga ukumbi wa michezo anaotaka kuufungua kwake kabla ya msimu wa mvua unaofuata, mashine zirudi dukani na yeye apewe badala yake vitu vya kuuzika, pasi au majiko. Adalbert akakubali, ila naye akaweka lake, kwamba thamani ya mashine siku ya kurudi ataipanga yeye.

Akaitoa ahadi hiyo kwa moyo mweupe kwa sababu alishapiga hesabu. Mama wa samaki, vijana, michezo ya mateke na risasi, mtaa wa watu wanaosali: mashine zitarudi tu. Atazipata kwa bei yake na kuziuza mara ya pili.

"Muntu ya Kasai," mama akamtania kwa asili yake akiwa mlangoni, "unacheka peke yako sawa muntu alishaona pesa ku njia."

"Na weye mama ya Pweto," Adalbert akajibu, "tutaosha hii kiti juma muzima."

Mama akacheka hadi kikapu kikatikisika.

Kasungami, huko pembeni mwa jiji ambako nyumba na mashamba ya mahindi bado vinasukumana, Régine alikuwa na lupango, yaani kiwanja cha familia chenye uzio. Baba yake, mtu wa Pweto, huko kaskazini, aliyekuja na kazi ya reli, alikinunua wakati pale palikuwa shamba tupu. Régine alikulia hapo, akaolewa hapo, na mume wake alipokwenda kutafuta kazi ya migodi Kolwezi akapata huko kazi na nyumba nyingine pia, hakumfuata. Alipanda lori la Pweto. Miaka yote ya nguvu zake aliimaliza katika barabara ile, juu ya magunia ya samaki, akilala penye vumbi na kuamkia penye matope, hadi magoti yakakataa kupanda lori.

Magoti yalipokataa, kaka yake Ephraïm, ambaye alikuwa amebaki Pweto, akaanza kupiga simu. Lupango kisichozaa ni mzigo, alisema. Kiuzwe, kila mtu achukue chake. Familia ilikaa, wakabishana, mwisho wakakubaliana hivi: lupango kitabaki kwa Régine mradi kijilishe chenyewe. Siku kitakapoacha kujilisha, kitauzwa. Kwa hiyo ule ukumbi wa michezo ulikuwa ndio mguu uliobaki chini ya nyumba nzima.

Aliujenga kwa kichuguu. Nyuma ya lupango palikuwa na kimoja kikubwa kuliko jiko la nje, na udongo wa kichuguu, kama kila mtu wa Lubumbashi ajuavyo, ndio hutoa tofali lisilopasuka. Aliwalipa vijana wawili wakivunje, yeye akakanda, akapanga tanuru, akachoma. Chumba kikasimama, kirefu, chenye dirisha moja la juu. Akaweka mabenchi. Ukutani akaandika kwa chaki: SALLE YA MAMAN RÉGINE. HAPA HATUTUKANANE.

Adalbert alikwenda huko kwa mara ya kwanza kurekebisha maneti, vile vishikio ambavyo wachezaji huvibonyeza hadi vife. Alikuta chumba kimejaa. Kwenye televisheni moja walicheza mpira wa miguu. Kwenye nyingine, majitu yenye misuli yalipigana mateke ya kuruka, na kila pigo lilirusha damu nyekundu kama nyanya. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya televisheni hizo mbili, lakini amezipa mgongo. Alikuwa anamenya karanga huku anawatazama vijana usoni.

Adalbert akamuuliza kama michezo yenyewe haimpendezi. Mama akamwambia kwamba picha zile hazimlipi. Wanaomlipa ndio hao anaowatazama.

Alikuwa na sheria yake moja aliyojivunia. Umeme wa Lubumbashi unajulikana: délestage inakuja bila kubisha, taa zinakufa mtaa mzima, na mchezo unakufa nao. Kumbi nyingine zilisema anayeongoza wakati ule ndiye mshindi. Mama Régine aliona huo ni wizi. Kwake, umeme ukikatika mchezo unafutwa, na umeme ukirudi wote wawili wanarudia bure. Adalbert alimshauri anunue bateri ya akiba ili mchezo usikatike kabisa. Mama alicheka, akasema anajua mchuuzi anapoanza kushauri. Kurudia bure hakumgharimu kitu, bateri ingemgharimu. Adalbert alifunga mfuko wake wa vifaa akiamini kwamba mara hii, angalau, mama amebana mahali pasipofaa kubanwa.

Msimu wa baridi kavu ulipoingia, ukumbi ulikuwa umeshika. Kisha likatokea la Guelor.

Guelor alikuwa kijana wa barabara ya pili, mrefu, mkimya, mchezaji hodari wa mpira wa kweli na wa plei. Siku hiyo alikuwa anacheza mpira wa plei na Kiki, mtoto wa Mama Simone, jirani wa ukumbi ukuta kwa ukuta. Bila Mama Régine kujua, walikuwa wamewekeana dau: kila mmoja aliweka viatu vyake vya mpira chini ya benchi, na mshindi angeondoka na jozi mbili. Guelor alikuwa anaongoza kwa mbali, mchezo uko ukingoni. Ghafla televisheni ikazimika. Kiki akainua mikono juu na kusema mchezo umefutwa, warudie. Guelor akasimama. Aliruka, akageuka hewani, na kisigino chake kikampiga Kiki mdomoni. Jino la mbele likatoka. Damu ikamwagika kwenye sakafu ya mama, damu ya kweli.

Habari ilikwenda haraka kuliko aliyeibeba. Kabla Kiki hajasukutua mdomo, mtaa mzima ulishajua kwamba plei imemfanya mtoto wa watu mnyama, kwa sababu teke lile kila mtu alilijua: ni la lile jitu lenye kitambaa chekundu kichwani, kwenye mchezo wa kupigana. Watoto wadogo walikuwa wanaliiga njiani kila siku, wakiangushana kwenye vumbi. Mama Simone alishika jino la mwanawe kwenye kitambaa akaenda moja kwa moja kwa Papa Clément Mwenze, mkuu wa barabara yao, mstaafu wa reli, mtu wa kanisa na wa maneno machache. Aliomba kitu kimoja tu: ukumbi ufungwe. Na kutoka Pweto, Ephraïm akapiga simu, akamuuliza dada yake kwa sauti tamu iwapo lupango bado kinajilisha.

Papa Clément akaita watu wote Jumapili baada ya misa. Alituma pia mtu mjini kwa Adalbert: aliyeuza mashine naye aje aulizwe.

Adalbert alifika mapema, na lazima isemwe kwamba hakuja kama rafiki. Msimu wa mvua ulikuwa bado. Ukumbi ukifungwa leo, mashine ni zake kwa bei yake. Hata hivyo aliingia kwanza kwa Mama Régine, kwa sababu mtu mwenye akili huangalia pande zote mbili za bidhaa. Alimkuta anapiga deki pale pale damu ilipomwagika, ingawa palishasafishwa zamani.

Akampa njia ya kutoka, tena nzuri. Wale vijana walikuwa wanacheza nini? Mpira. Mpira una damu? Hauna. Basi asimame na kusema hivyo tu, ni kweli tupu, na hakuna atakayeweza kumshika.

Mama akaliegemea dekio lake.

"Ni kweli," akasema, "lakini iko nusu. Ile teke minaijua. Nilimuona Guelor anaijifunza hapa inje, anaangalia ku televizio, anatoka, anairusha, anarudia kuangalia. Nikisema haikutoka kwangu, kuko mutoto moja pale mu kikao atasema: mama, ni bongo, unadanganya. Kiisha hata ile ingine ya kweli, hakuna atasikia."

Adalbert aliona huyo mtu anakwenda kupoteza lupango lake kwa mikono yake mwenyewe. Hakumwambia.

Kwenye uwanja wa Papa Clément viti vilijaa, vijana wakasimama ukutani. Kiki alikaa karibu na mama yake, mdomo umevimba. Guelor alikuja na kaka yake mkubwa, macho chini. Mama Simone akasema yake bila kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoyapa uzito. Alisema mwanawe alikuwa na meno yote. Alisema mtoto hujifunza kwa macho. Ukimwonyesha mtu anashika jembe atashika jembe, ukimwonyesha mtu anavunja kichwa na kupewa pointi, unataka ajifunze nini? Wanawake wengi wakaitikia. Mzee mmoja akapinga, akasema wao ujana wao walipigana kwa mawe kila timu ya reli ilipofungwa, na plei haikuwapo. Mwingine akamjibu kwamba mawe yale hayakuwa na kisigino kinachozunguka hewani. Watu wakacheka, Papa Clément akawanyamazisha kwa mkono.

Kisha akamgeukia Adalbert. "Papa, weye njo unauzisha. Tuambie mbele ya bantu. Hii mashine inaharibisha batoto, ao haiharibishe?"

Hapo Adalbert alikuwa na faida yake mkononi. Neno moja la ndiyo, lililosemwa kwa huzuni inayofaa, na mashine zingerudi mjini jioni ile. Alifungua mdomo alitoe. Lakini kuna kiburi cha mtu wa soko ambacho kina nguvu kuliko faida: hapendi kuuza kitu asichokijua mbele ya watu wanaojua. Akasema kwamba dukani kwake vijana hujaribu michezo yote, na wale wa kupigana huishia kucheka na kupigana mabega. Kelele mbaya hutoka zaidi kwa wale wa mpira. Lakini yeye, akasema, huwatazama kwa dakika chache tu, jicho jingine liko kwenye bidhaa. Kama wanataka anayejua, aulizwe aliyekaa nao tangu ukumbi ufunguliwe.

Mama Régine akasimama polepole, kwa sababu ya magoti.

"Papa chef, na bamama bote," akaanza. "Hasira ya Guelor ilitoka ku mupira. Teke ilitoka ku ile ingine. Na bote mbili bilitoka mu nyumba yangu."

Watu walikuwa wamejitayarisha kumsikia akikana. Hawakujua la kufanya na mikono yao.

Akaendelea kwa utaratibu, kama anayepanga samaki kwa ukubwa. Mchezo wa kupigana huchezwa kwake kila siku na vijana wengi, wengine wakubwa kwa mwili kuliko Guelor, wengine wanaupenda kuliko yeye. Hawajawahi kumgusa mtu. Kwa hiyo hawezi kusema kwamba picha zile humtia kila mtu hasira, kwa sababu sura zao ameziona na hasira haikuwamo. Lakini mtu ambaye tayari ana hasira, picha zile zimeshampa kitu cha kufanya nayo. Guelor asingejifunza teke lile, labda angesukuma, labda angetukana. Jino la Kiki lingekuwa mdomoni. Kwa hilo Mama Simone ana haki.

Halafu akauliza: hasira yenyewe je? Siku ile umeme haukukatika. Yeye alitazama nje, taa ya jirani ilikuwa inawaka. Televisheni ya pili ilikuwa inawaka. Waya wa ile ya kwanza ulikuwa umechomolewa, na uko chini, karibu na miguu ya wachezaji.

Mama Simone akageuka taratibu kumtazama mwanawe. Kiki akafunika mdomo wake uliovimba, akaangalia ukuta.

Adalbert alijisogeza mbele kwenye kiti. Sasa, aliwaza, sasa ndipo mama atakapommaliza. Lakini Mama Régine hakumkaba Kiki kwa neno lile.

"Simone, dada, usimupige," akasema. "Miye njo nilimufundisha. Nilisema courant ikikatika, munarudilia bure. Nilijiona muntu wa haki. Kumbe nilimupatia kila mwenye kushindwa sababu ya kuomba courant ikatike, na kama haikatike, kuisaidia. Na Guelor ile viatu haikuwa yake, ilikuwa ya yaya yake. Alishaviokoa, kiisha banamuambia: weka tena mu hatari."

Kaka mkubwa wa Guelor akamwangalia mdogo wake kwa mshangao. Ndipo alipojua viatu vyake vilikuwa wapi siku ile. Guelor akafuta uso kwa kiganja.

Papa Clément aliomba masharti. Hapo Adalbert akatulia na kufaidi, maana mazungumzo ya aina hiyo yalikuwa lugha yake. Mama Régine akatoa lake kwanza: mchezo wa kupigana hautaguswa tena na asiye na kadi ya mchaguzi, ile apewayo mtu aliyefikia umri wa kupiga kura. Wadogo wacheze mpira na mbio za magari. Pili, atakayeweka kitu chochote chini ya benchi, hata pipi, haingii tena. Tatu, ataweka bateri, mchezo usikatike, na waya zote zitapita juu ya dari.

Mama Simone hakuridhika. Alitaka mama yeyote wa barabara awe na ruhusa ya kuingia ukumbini saa yoyote, bila kubisha, akae anapotaka, atazame anachotaka. Mama Régine akakubali papo hapo. Adalbert aliumia kumwona anakubali haraka hivyo, bila kudai kitu badala. Baadaye tu aligundua kwamba akina mama wakija kutazama hukaa, wakikaa husikia njaa, na mama wa ukumbi alikuwa ameshaweka birika la chai na sinia la karanga karibu na mlango.

Papa Clément akakata maneno. Familia ya Guelor italeta kuku. Mama Simone atapika, na vijana wote wawili watakula bukari, yaani ugali, kwenye sahani moja mbele yake. Ukumbi hautafungwa.

Kuku aliletwa, bukari ikasongwa. Kiki alitafuna kwa upande mmoja. Guelor alimegea mwenzake paja la kuku bila kumtazama, na Kiki akalipokea.

Siku iliyofuata Mama Régine alifika dukani mjini. Adalbert alimwandalia kiti kabla hajaomba. Bateri aliyoitaka ilikuwa nzuri na mama hakuwa na uwezo nayo, wote wawili walijua, kwa hiyo hawakupoteza muda kwa hilo. Badala ya pesa mama alimpa ukuta wake wa mbele, ule unaotazama barabara. Aweke pale meza ya kutengenezea simu na mashine, aandike jina lake kwa rangi, Kasungami yote imwone, muda wote ambao bateri itakuwa hai.

Adalbert akasema muda wote ambao ukuta utakuwa umesimama.

Mama akasema ule ukuta ni wa kichuguu. Yeye na mjukuu wa mjukuu wake watakufa uko pale. Muda uhesabiwe kwa bateri.

Wakavutana. Mwisho ikawa hivi: meza itakaa muda wote ukuta ukisimama, lakini bateri ikifa, mwenye meza analeta nyingine. Wakapeana mikono. Ilimchukua Adalbert hadi jioni, akiwa anafunga mlango wa duka, kutambua kwamba amejifunga kuleta bateri maisha yake yote. Alisimama na kufuli mkononi. Halafu akacheka kwa sauti, peke yake, na mlinzi wa duka la jirani akamuuliza kama amelewa. Akamjibu kwamba ameibiwa na mtu anayejua kazi yake.

Na tangu hapo alianza kumtaja. Wafanyabiashara wenzake wakilalamika kuhusu wateja wagumu, huwaambia hawajaona mteja; waende Kasungami. Mzazi akija dukani kuuliza kama plei itamharibu mwanawe, Adalbert hamwambii ndiyo wala hapana, ingawa hapana ingemwuzia boksi. Humuuliza mtoto ana umri gani, atacheza na nani, na nani atakuwa chumbani. Wengine huondoka bila kununua. Wengi hurudi.

Msimu wa mvua ulipoingia, sharti la kurudisha mashine likafa lenyewe, na faida aliyokuwa ameihesabu Adalbert ikafa nalo. Badala yake alikuwa na meza yenye kazi, yenye foleni siku za soko. Ephraïm bado anapiga simu kutoka Pweto, lakini sasa anataka kujua kama dada yake anaweza kumuuzia magunia mawili ya samaki pale mlangoni. Dada yake humwambia awalete kwanza, awaone wakizeeka juani.

Mama Régine naye alipoteza. Wale wadogo, waliokuwa wengi kuliko wakubwa na wenye kupenda mateke kuliko mpira, walihamia kumbi nyingine ambako hakuna anayeuliza kadi. Kwa miezi kadhaa chai na karanga ndizo zilizoushika ukumbi. Hakujuta. Alimwambia Adalbert kwamba njia ya barabara yao sasa haina watoto wanaoangushana kwenye vumbi, na kwamba Mama Simone, ambaye huja kila alasiri kutazama, ameshakuwa hodari wa mbio za magari na anawatukana madereva wa kwenye televisheni.

Guelor hakurudi tena ukumbini. Adalbert ndiye aliyemwona, katika ukumbi mmoja wa mjini ambako vitu vya kushindania huwekwa juu ya meza wazi wazi, akamwambia mama. Mama alifunga mlango wake mchana wa Jumamosi, siku yake ya kupata zaidi, akapanda basi na magoti yale yale, akaenda kumtafuta. Alikaa naye mbele ya ukumbi ule muda mrefu, wakizungumza. Kisha Guelor akarudi ndani kucheza, na mama akarudi Kasungami peke yake, akafungua.

"Huyu nilimukosa," akamwambia Adalbert akipita mbele ya meza yake, na akaenda kuwasha bateri.